Mguu wa Mjomba

Jumamosi jioni kwenye meza yangu ya chakula huwa hakuliwi. Hapa St. Paul, Minnesota, baridi ikishakaza hakuna wa kutoka, kwa hiyo wanangu huitandaza michoro ya mapango na madadu ya kila namna, wakacheza Dungeons & Dragons. Kifunguamimba ndiye mchezeshaji: anasimulia, anawaendesha maadui, anaamua kesi. Dada yake ni shujaa wa ngao, baba yao ni mchawi, na kaka yangu ni askari wa upanga mrefu. Mimi sichezi. Mimi ndiye mwenye vyombo.

Ugomvi ulianza joka lilipombwaga binti yangu kutoka kilele cha jabali. Kwa kanuni zao, kila futi 10 za kuanguka ni dadu moja la pande sita, na hesabu inakomea dadu 20 hata ukidondoka kutoka mawinguni. Madadu yakarushwa, zikatolewa pointi za uhai, na binti akatangaza kwamba bado yu mzima na analirudia joka.

Kaka yangu ni muuguzi wa chumba cha dharura. Akaweka kikombe chini. "Mjomba, mimi walioteleza kwenye ngazi za nyumba tu huwa nawapokea kwenye machela."

Mchezeshaji akajitetea. Pointi za uhai si nyama na damu peke yake. Gary Gygax, mmoja wa waasisi wa mchezo huu, aliandika hivyo katika mwongozo wake wa mwaka 1979, kwamba ndani yake mna ustadi na bahati pia. Tena wazo lenyewe limetoka hapa hapa Minnesota. Katika kanuni za mchezo wa vita wa Chainmail za mwaka 1971, askari wa kawaida alipigwa dharuba moja akafa. Dave Arneson, mwasisi mwenzake Gygax, alipoona wachezaji wake wanaumia kumpoteza mtu waliyemzoea, akaazima hesabu ya michezo ya vita vya meli, ambamo chombo hupigwa mara nyingi kabla ya kuzama.

"Mtu si meli," akasema kaka yangu.

Mama, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, akainua uso kwenye kochi. "Na yule aliyecharangwa mapanga jana, mbona leo anapigana?"

"Alilala, Bibi. Kanuni za mwaka 2014 zinasema ukipumzika usiku kucha unapona kabisa."

"Kumbe! Mimi magoti yananiuma tangu mvua za vuli, na kulala nalala."

Kaka akapata nguvu. Akahamia kwenye muda. Katika kanuni za mwaka 1974 zamu moja ya mapigano ilihesabiwa dakika nzima; siku hizi ni sekunde sita, na ndani yake askari hukimbia futi 30 na kupiga. Yawezekana? Nikiwa jikoni na pilau langu nikasikia neno ambalo mwenye nyumba hapendi kulisikia: "Tujaribu."

Upanga ulikuwa koleo la theluji. Ngao ilikuwa sinia langu la harusi. Uwanja ulikuwa ujia wa kuelekea jikoni, na mume wangu alishika simu apime muda. Kaka akatoka mbio, akainua koleo kwa mikono miwili, likaivaa taa ya darini. Vigae vya kioo vikanyesha. Akaruka nyuma, kisigino kikateleza, kiwiko kikaisomba sufuria. Pilau likasambaa hadi mlangoni, na sinia likabonyea. Sekunde hazikujulikana, kwa kuwa mpimaji alikuwa anapiga kelele.

Wakati wanafagia, mchezeshaji akatoa hukumu: kuanzia sasa, upanga mrefu kwenye njia nyembamba utapungukiwa nguvu. Mume wangu akaafiki kwa furaha. Kaka, mtetezi wa ukweli tangu jioni, akasema hilo ni kuzidisha. Kijana akaendelea: basi na turudishe kanuni ya kale, kombora la moto likitupwa mahali finyu, moto ujaze nafasi yote na umrudie mchawi. Furaha ya mume wangu ikakatika hapohapo. Huu, akasema, ni mchezo tu.

Nimewasikiliza vya kutosha kujua kwamba kila mtu pale mezani anataka vita vya kweli, ila vimpige mwenzake.

Kaka hakukubali yaishe. Akanunua RuneQuest, mchezo wa mwaka 1978 ambao mmoja wa waandishi wake, Steve Perrin, aliwahi kupigana mapigano ya maigizo ya kale yenye silaha za mikononi. Humo kila kiungo kina pointi zake, na pigo hutafutiwa mahali kwa dadu. Jumamosi iliyofuata akaketi akitabasamu. Katika pambano la kwanza, kijibwege chenye mkuki kikamchoma askari wake mguu wa kushoto. Mguu ukafa ganzi, akaanguka.

"Mjomba," mchezeshaji akauliza kwa adabu, "kwa uzoefu wako wa kazini, huyu anaweza kuendelea?"

Muuguzi akautazama mchoro kwa muda mrefu. Mwisho akauliza kama askari wake hawezi kupewa usingizi wa usiku mmoja.

"Mpeni," akasema Mama. "Akiamka mzima, aniambie kalalia godoro gani."