Kaeni Chini Niwafundishe Kusikiliza

Mheshimiwa mwenyekiti wa kikao hiki, ambaye ni mimi mwenyewe. Waheshimiwa wageni wa meza kuu, ambao bado hawajafika. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Kijana wa mitambo, ongeza sauti kidogo. Asante.

Nimealikwa hapa leo, kwa barua ya mwaliko niliyoiandika kwa mkono wangu, ili nitoe mada iliyowashinda wengi: ni kitu gani hasa kinachoifanya albamu ya roki ya kiprogresivu ya siku hizi isikike kwamba imetengenezwa na ikatengenezeka? Nazungumzia ile roki ya nyimbo za dakika kumi na mbili, yenye mapigo saba pale ambapo binadamu wa kawaida angeridhika na manne, ile ambayo Waingereza waliianza mwishoni mwa miaka ya 1960 na mpaka leo hawajaimaliza. Naona wengine mmekuja mkidhani ni semina ya ufugaji wa kuku. Poleni. Mlango umekwisha kufungwa.

Kuhusu sifa zangu, sina haja ya kujieleza. Hata hivyo nitajieleza. Ninamiliki hedifoni za waya. Nimesoma maandishi madogo ya nyuma ya majalada mengi kuliko mtu yeyote wa mtaa wetu, na najua nani alimasta nini na wapi. Meza ya kumiksi sijawahi kuigusa hata siku moja, na hiyo ndiyo sababu hukumu zangu hazina upendeleo.

Tuanze na ujinga uliozoeleka. Mtu anaweka albamu ndani ya gari, vioo vinatetemeka, ananigeukia na uso wa ushindi: "Umeisikia prodaksheni hiyo?" Ndugu yangu, nilichosikia ni vioo. Mwingine anahesabu vyombo. Anasema wimbo huu una gitaa nane, vinanda sita na kwaya, basi umetengenezwa vizuri. Huyo ni wa kuombewa dua.

Mmewahi kuona picha ya pamoja ya harusini, pale kila shangazi anapotaka kukaa mstari wa mbele, katikati kabisa? Picha inatoka, bwana harusi haonekani. Basi ndivyo zilivyo nyingi ya albamu hizi. Gitaa la besi na dramu la mguu vinagombania chumba kimoja huko chini, kwenye hezi 60 hadi 100 hivi. Gitaa, kinanda na koo la mwimbaji vinasukumana katikati. Mhandisi ana mbinu zake: anampunguza huyu kidogo pale anapomfunika yule, anamhamishia mmoja kushoto na mwingine kulia, anamvuta huyu karibu na kumrudisha yule nyuma kwa mwangwi. Yote hayo ni sawa. Lakini hakuna kitufe duniani kinachomzidi mpiga gitaa anayejua wakati wa kunyamaza. Albamu huanza kutengenezwa kabla maiki haijachomekwa, pale mtunzi anapoamua nani asipige.

Nimeacha nafasi hapa kwa ajili ya makofi.

Haya, tuendelee. Mfano wangu mkuu ni Steven Wilson, Mwingereza, mwasisi wa Porcupine Tree. Huyu bwana masikio yake yanajulikana. Wakubwa wa zamani, King Crimson, Yes na Jethro Tull, albamu zao za kale amekabidhiwa yeye azimiksi upya. Sasa, alipotaka kutengeneza albamu yake ya The Raven That Refused to Sing, iliyotoka mwaka 2013, mtu huyo ambaye angeweza kufanya kila kitu peke yake alimwita Alan Parsons aje arekodi. Parsons ndiye aliyekuwa mhandisi wa The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, iliyotoka mwaka 1973 na kurekodiwa pale Abbey Road, London. Zile saa zinazolia zote kwa pamoja mwanzoni mwa wimbo wa Time ni kazi yake: alikwenda kwenye duka la saa za kale, akairekodi kila saa peke yake, kisha akaziunganisha zikalia kwa mpigo mmoja. Mtu mwenye subira ya kurekodi saa moja moja unamwachia dramu zako bila wasiwasi.

Wakaenda studio Los Angeles, bendi ikawekwa pamoja, watu wakatazamana usoni wakapiga. Sikilizeni Luminol, wimbo wa kwanza. Besi ya Nick Beggs inaingia ina kucha. Unasikia kidole, unasikia waya, unasikia na mbao. Marco Minnemann yuko nyuma yake anapiga dramu utadhani ana deni la kulipa kabla ya jioni, lakini kila ngoma ina mahali pake, na katikati ya ngoma na ngoma pana hewa. Hewa, mabibi na mabwana! Hiyo ndiyo bidhaa adimu kuliko zote studio. Baadaye dhoruba inakatika, inabaki sauti ya mtu na vyombo viwili vitatu vya taratibu, kisha mambo yanapanda tena mpaka Mellotron inapoingia.

Wasiojua Mellotron wanyooshe mikono. Wote. Nilitarajia. Ni kinanda ambacho chini ya kila kitufe kuna utepe uliorekodiwa chombo halisi, fidla au filimbi au kwaya. Ukibonyeza, utepe unapita kwenye kichwa cha kusomea kwa sekunde nane tu hivi, kisha umekwisha. Lazima uachie ujirudie mwanzo. Ndiyo maana sauti yake inayumba kidogo na kusikika ya kusikitisha. Kompyuta ya leo inaweza kukupa orkestra nzima isiyoyumba kamwe, na hapo ndipo wengi wanapopotea, maana kisichoyumba huchosha. Hilo ni neno langu, mnaweza kuliandika.

Kijana, ongeza tena. Wa nyuma naona wanapiga miayo, bila shaka ni kwa kutosikia.

Sasa nafika kwenye dhambi kubwa. Mwaka 2002, Rush wa Kanada walitoa Vapor Trails, albamu yao ya kwanza ya nyimbo mpya tangu mwaka 1996. Katikati ya miaka hiyo mpiga dramu wao, Neil Peart, alifiwa na binti yake, kisha ndani ya muda mfupi akafiwa na mkewe. Watu walidhani bendi imekwisha. Kwa hiyo albamu ile ilipoanza kwa wimbo wa One Little Victory, na kitu cha kwanza kusikika kikawa dramu za Peart peke yake, miguu yote miwili ikikimbia, ungetegemea dunia isimame. Badala yake wenye masikio walishika vichwa. Dramu zimebanwa, gitaa limebanwa, sauti ya Geddy Lee imebanwa, na juu ya vyote kuna mkwaruzo. Mtu amerudi kutoka kaburini kwa wapendwa wake, na mitambo inamziba mdomo.

Kilitokea nini? Sikilizeni kwa makini, sitarudia, isipokuwa mkiniomba. Sauti ikiwa kwenye tarakimu ina dari. Juu ya dari hiyo hakuna kitu. Wimbo wa kawaida una vilele, yaani pigo la dramu linaruka juu, na una mabonde, yaani mwimbaji anavuta pumzi. Ukitaka wimbo wako usikike kwa kelele kuliko wa jirani, unatumia kompresa na limita kuvishusha vilele, kisha unapandisha kila kitu hadi darini. Mabonde yanajaa. Ukizidisha, vilele vinakatwa bapa, na kule kukatwa ndiko mkwaruzo. Ukitazama wimbi la wimbo kama huo kwenye kompyuta, huoni milima. Unaona tofali refu. Diski ya CD ina nafasi ya desibeli 96 hivi, toka ukimya mpaka kilele, na watu wazima wenye watoto wakaamua kuishi wote darini.

Naona kijana wa mitambo ananionyesha taa nyekundu. Kijana, nyekundu ni rangi ya mapenzi. Ongeza. Mluzi huo ni wa spika, si wangu.

Rush wenyewe walikuja kukiri kwamba albamu ile haikusikika inavyostahili. Kuimasta upya kusingetosha, kwa sababu ubaya ulikuwa umeingia ndani kabisa ya unga. Ilibidi kurudi kwenye rekodi za awali na kumiksi albamu nzima upya, kazi iliyofanywa na David Bottrill, yule aliyeshiriki kutengeneza Lateralus ya Tool mwaka 2001. Toleo hilo lilitoka mwaka 2013. Wekeni matoleo mawili sambamba, mshushe la zamani mpaka yalingane kwa sauti, kisha msikilize dramu za mwanzo. Kwenye jipya Peart yuko chumbani na wewe. Na nyimbo ni zile zile, mapigo ni yale yale, hakuna aliyeitwa kurekodi tena.

Mtauliza kwa nini watu wenye akili timamu waliibana sauti namna ile. Ni kwa sababu sikio ni mbea: ukilipa vipande viwili vinavyofanana, hukipenda chenye kelele zaidi, na wenye kampuni waliliogopa sikio hilo. Leo hofu hiyo haina kazi. Huduma za kusikilizia muziki kwenye intaneti hupima kila wimbo na kuulinganisha. Spotify, kwa mpangilio wake wa kawaida, huulenga kwenye LUFS -14, kipimo cha ukubwa wa sauti. Aliyejibana mpaka darini anashushwa, na akishushwa anabaki bapa, mnyonge, hana vilele vya kumtetea, huku jirani yake aliyeacha hewa akiruka bila kuguswa. Hata hivyo bado wapo wanaobana. Mazoea yana taabu.

Naomba nisieleweke vibaya. Kuna kundi jingine linaloniudhi vilevile, la wale wanaopima albamu kwa programu, wakaona namba ya tofauti kati ya vilele na mabonde ni ndogo, wakaikataa kabla ya kuisikiliza. Ni ushamba. Mimi pia huzikataa albamu kabla ya kuzisikiliza, lakini kwangu ni utafiti.

Shikamoo, bibi, wewe wa mstari wa pili. Swali lako nimelipokea na nimelikataa.

Upande wa dramu nitasema kwa ufupi maana muda umekwenda. Mwaka 1992 Dream Theater wa Marekani walitoa Images and Words, albamu tamu kwelikweli, ambayo sneya yake, ile ngoma ndogo kali ya katikati, ilifungiwa kifaa cha kuita sauti iliyohifadhiwa. Mike Portnoy anapiga kwa upole, inalia PA. Anapiga kwa hasira, inalia PA. Yeye mwenyewe amelilalamikia jambo hilo hadharani miaka na miaka. Kisha chukueni In Absentia ya Porcupine Tree, ya mwaka 2002, ya kwanza kwa Gavin Harrison kukalia dramu, iliyomiksiwa na Tim Palmer. Katikati ya mapigo makubwa kuna vipigo vidogo vya sneya, vya kunong'ona, ambavyo hakuna atakayekuambia vipo. Viondoe, wimbo unachechemea. Albamu ile ina magitaa mazito ya kutosha kuangusha ukuta, na bado vile vidogo vinasikika. Nikiwa peke yangu usiku, mke wangu akiwa amelala, huwa navisaka kimoja kimoja.

Wako na Waswidi. Kule Örebro yuko mhandisi Jens Bogren na studio yake ya Fascination Street, ambaye mikono yake imepita kwa Opeth, kwa Leprous wa Norwei, na kwa Waingereza Haken kwenye The Mountain ya mwaka 2013. Kazi safi, imepigwa pasi, huoni hata mkunjo. Nyakati nyingine ninatamani mkunjo. Lakini bendi yenye mapigo yaliyopinda namna ile ingerekodiwa kizembe, wewe msikilizaji usingejua ni ufundi au ni makosa. Hapo nimewasamehe, watapata taarifa.

Sasa vitendo. Nitawawekea wimbo wa mwisho wa ile albamu ya Wilson, unaobeba jina lake, wa mzee mpweke na kunguru. Nitautoa kwenye simu yangu kwenda kwenye spika hii ya shemeji. Spika ni moja, kwa hiyo kushoto na kulia mtavifikiria wenyewe. Zimeni simu zenu. Mama mwenye mtoto, mtoto ahemee mdomoni.

Haya. Sikieni hapo: kinanda peke yake. Angalieni hakuna anayemsukuma. Mnaisikia pumzi ya mwimbaji kabla ya neno? Hamuisikii? Ngojeni niwaeleze ilivyo, maana hapa ndipo pagumu na wengi hupaharibu kwa kuongea. Kijana, nipandishie maiki yangu, wimbo unanifunika.