Kamati Yetu Haina Papara

Mwaka 1995 Ward Cunningham alifungua wiki ya kwanza mtandaoni, kurasa ambazo yeyote aliweza kuzihariri. Bila semina, bila posho: uzembe mtupu. Kamati yetu ya kuchagua programu ya nyaraka ina adabu zake. Imekwisha linganisha SharePoint, Confluence na Notion, na matokeo yamehifadhiwa kwenye kundi la WhatsApp, chini ya salamu za Idi na picha za sendofu. Faili linaitwa "Ripoti ya mwisho KABISA 2 (sahihi)". Hata Benki Kuu hailindi dhahabu hivyo, kwani hapa mwenye mali mwenyewe haioni. Anayeitaka asubiri katibu arudi kutoka likizo na simu yake. Kikao kijacho ni Arusha, posho zimeshapitishwa.