Barua ya Profesa na Kilo Mbili za Dagaa

Barua ya udhamini wa kitaaluma ni maandishi ambayo mtu mwenye cheo huyapeleka chuoni kuthibitisha kwamba mtu asiye na cheo anastahili kusomeshwa ili naye apate cheo. Nchini Tanzania kijana anayeanza masomo ya udaktari haulizwi barua ya namna hiyo, kwa kuwa anayetoka kidato cha sita hupimwa kwa ufaulu wake wa Fizikia, Kemia na Biolojia, na hakuna anayejali kama mwalimu wa Biolojia alimpenda au alikuwa akimtoa nje kwa kupiga kelele. Adha huja baadaye, pale kijana huyohuyo, baada ya miaka mitano ya chuo na mwaka mmoja wa utarajali, yaani kufanya kazi wodini chini ya uangalizi wa waliomtangulia, anapokuwa ameajiriwa Kigoma na ameamua kuomba shahada ya uzamili ili awe daktari bingwa. Fomu humtaka ataje wadhamini wawili au watatu, na hapo mtu aliyewahi kumzalisha mama kwa mwanga wa tochi ya simu bila kutetemeka ndipo huanza kutetemeka.

Ugumu wa kwanza ni wa kijiografia. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina urefu wa kilomita zipatazo 1,250 kutoka Dar es Salaam, na maprofesa walio wengi wako mwanzoni mwa reli hiyo, Muhimbili, kama hawako Moshi au Bugando jijini Mwanza. Ni kweli kwamba Muhimbili imekuwa ikijenga kampasi mkoani Kigoma, na huenda siku moja profesa akakutwa sokoni Mwanga akichagua migebuka na kuombwa barua papo hapo, lakini mpaka siku hiyo ifike mwombaji hutegemea simu. Simu kwa profesa nayo ina taratibu zake, kwani haianzi na shida bali na shikamoo, ikafuatiwa na hali ya familia, hali ya ziwa na bei ya dagaa, na mazungumzo yanapolikaribia jambo lenyewe ndipo profesa hutangaza kwamba anaingia kikaoni.

Ugumu wa pili ni wa uchaguzi. Mwombaji wa kawaida humtafuta profesa mwenye jina kubwa, yaani yule ambaye wasifu wake una kurasa nyingi kuliko tasnifu za wanafunzi wake, kwa imani kwamba ukubwa wa jina humwagikia anayedhaminiwa. Kasoro ya imani hiyo ni kwamba profesa wa namna hiyo alimfundisha mwombaji ndani ya ukumbi uliojaa hadi madirishani, akawa anamwona kama sehemu ya mandhari. Kwa hiyo anapopigiwa simu husema kwamba anamkumbuka vizuri sana, na husema hivyo kabla hajatajiwa jina.

Baada ya ukarimu huo hufuata agizo linalofahamika katika vyuo vyote: mwombaji aiandike barua mwenyewe, aitume, naye profesa ataitia saini. Agizo hili huonekana jepesi mpaka saa nne usiku, wakati daktari aliyelelewa Ujiji, mahali ambapo mtoto anayejisifu mbele ya wakubwa huulizwa kama hana wazazi, anapokaa mbele ya kompyuta kujisifu kwa kalamu ya mtu mwingine. Rasimu ya kwanza humtaja kama kijana anayejitahidi kiasi. Akiisoma na kuona kwamba hata yeye asingejipokea, huandika ya pili, ambamo yumo miongoni mwa matabibu bora kabisa waliopata kutokea Afrika Mashariki, halafu hulifuta neno “kabisa” kwa unyenyekevu na kulala. Profesa huisaini bila kuisoma, jambo ambalo kwa upande mmoja ni aibu na kwa upande mwingine ni nusura.

Wapo maprofesa wanaokataa uvivu huo na kuandika wenyewe, lakini mwenye bidii naye huandika juu ya barua ya mwaka uliopita. Kwa sababu hiyo mwombaji wa tiba ya watoto anaweza kusifiwa, katika aya ya tatu, kwa utulivu wake wa kupigilia misumari katika mifupa ya paja, huku jina lake likiwa limebadilika katikati ya sentensi na kuwa la mwenzake ambaye sasa ni bingwa wa mifupa mahali pengine. Kamati husoma, hutafakari, na pengine hujiuliza misumari ya ukubwa gani inakusudiwa kwa watoto.

Suala la zawadi linahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu dagaa wa Kigoma wana sifa nchi nzima na hakuna anayetoka huko akasamehewa kwa kufika mikono mitupu. Kwa kanuni isiyoandikwa, kilo mbili za dagaa zikitangulia barua ni rushwa, zikifuata barua ni shukrani, na zikikutana nayo njiani ni mila. Mawese ni hatari zaidi, kwani dumu lake likivuja ndani ya basi hupaka rangi kila kilichomo kwenye mfuko, zikiwemo nakala za vyeti zilizothibitishwa na mwanasheria, na yakifika salama Moshi huganda kwa baridi, mpokeaji akadhani yameharibika. Aidha, zawadi huweza kuingia ndani ya barua yenyewe: profesa aliyepokea dagaa na kuwafurahia huandika kwamba mwombaji ni kijana mkarimu, asiyesahau alikotoka, na kuhusu upasuaji hana neno.

Historia ya mwambao wa Kigoma ilipaswa kuwa imetoa fundisho mapema. David Livingstone, aliyefuzu utabibu Glasgow mwaka 1840, alirejea Ujiji mwezi Oktoba 1871 akiwa mgonjwa na hoi, akakuta shehena yake imeuzwa yote na Sherifu, msimamizi aliyeletwa kutoka Zanzibar akiwa ameaminiwa na wakubwa wa huko. Na kwa maandishi ya Livingstone mwenyewe, mtu huyo alijitetea kwamba alipiga ramli kwa Kurani na kuona kuwa daktari amekwisha kufa. Sherifu hakukosa wadhamini. Kwa upande wa pili, Jane Goodall alishuka Gombe, kaskazini mwa mji wa Kigoma, mwezi Julai 1960 kuwachunguza sokwe bila shahada yoyote, na miaka miwili baadaye akaingia Cambridge moja kwa moja kusomea uzamivu kwa sababu Louis Leakey, mwanasayansi aliyemtuma na kuifahamu kazi yake, alimsemea. Mama yake Jane, Vanne, aliyefuatana naye kwa kuwa serikali haikutaka msichana akae msituni peke yake, alifungua kijizahanati cha wavuvi pale ufukweni, bila barua ya mtu yeyote.

Katika wodi hali ni ileile. Anayemjua daktari kijana ni muuguzi mfawidhi aliyemwona akirudi saa tisa usiku kumwangalia mgonjwa ambaye hakuwa wa zamu yake, pamoja na daktari bingwa wa mkoa aliyemkemea kwenye raundi mpaka akanyooka. Wa kwanza fomu haimtambui, na wa pili hakosi kuandika ukweli, ndiyo maana haombwi. Isitoshe, barua inayopita ofisini lazima iandikwe “k.k.”, yaani kupitia kwa, mganga mfawidhi, kisha mganga mkuu wa wilaya, kisha mkurugenzi wa halmashauri, na kila mmoja huishikilia kidogo ili ionekane imesomwa.

Hivyo mwombaji humrudia profesa mwenye jina. Usiku wa kufunga maombi mfumo wa chuo humtumia profesa swali moja ambalo mwombaji hakuliona wakati wa kuandika rasimu, likitaka kujua amemfahamu mwombaji kwa muda gani na katika nafasi gani, na dakika chache baadaye simu huita Kigoma.

“Daktari, hivi sisi tumefahamiana muda gani?”

“Shikamoo Profesa. Miaka minane, Profesa.”

“Marahaba. Na jina lako la ukoo linaandikwaje?”