Mbao Haina Kosa

Mjomba wa mke wangu ni mtu mzito, lakini si mzito kiasi hicho. Benchi nililompelekea mama mkwe Jumapili iliyopita lilimpokea mjomba vizuri, likamvumilia mpaka alipokabidhiwa sahani ya pilau, kisha mguu wa nyuma wa kushoto ukaamua kwenda zake. Haukuvunjika. Kuvunjika kuna heshima yake. Mguu uliteleza tu, ukatoka kwenye tundu taratibu, bila kelele, na mjomba akashuka nao huku ameinua sahani juu kabisa. Haikumwagika punje.

Kilichoniuma si mjomba kukaa chini. Kilichoniuma ni adabu ya wakwe. Hakuna aliyecheka. "Mbao za siku hizi hazina nguvu, baba," alisema mama mkwe kwa huruma, na ukumbi mzima ukaitikia: misitu imekwisha, mininga inakatwa ikiwa michanga, zamani mbao zilikuwa mbao. Shemeji akaleta kiti cha plastiki, akakipangusa, mjomba akakalia. Kiti kile kimo ndani ya nyumba ile tangu sijaoa, kina ufa mgongoni ulioshonwa kwa waya, na hakijawahi kumwangusha mtu.

Nilikula kimya, nikiitetea mbao moyoni. Ulikuwa mninga mkavu, ulionyooka, uliolipiwa kwa machozi. Mwenye kosa alikuwa nyumbani, ndani ya boksi lake: ruta, mashine ya umeme ya kuchonga mbao, ndogo ya mkono mmoja, rangi ya kupendeza, iliyopatikana Kariakoo kwa bei isiyofika laki moja.

Boksi lilikuwa na picha ya mzungu aliyevaa miwani ya kazi akitabasamu. Ningepaswa kushtuka hapo hapo, kwani mtu anayetumia ruta hatabasamu, mdomo wake umejaa vumbi. Muuzaji alitaka kunionyesha kazi. Plagi ilikuwa ya miguu miwili na soketi zetu ni za matundu matatu, kwa hiyo akasokomeza kalamu kwenye tundu la juu ili njia ifunguke, akachomeka, akawasha. Duka zima likageuka. "Umeisikia hiyo, kaka?" Nimeisikia. "Basi." Majaribio yakawa yamekwisha.

Koleti iliyokuja na mashine ilikuwa ya robo inchi, yaani milimita 6.35. Biti, yaani vyuma vyenye makali vinavyofungwa kwenye koleti, alizokuwa nazo dukani zilikuwa na shina la milimita 6. Nikauliza. "Inaingia tu," akasema. Ni kweli, iliingia bila taabu yoyote, na hapo ndipo ugomvi wetu unapoanzia.

Naomba nivumiliwe kidogo kuhusu koleti, maana tangu Jumapili sifikirii kitu kingine. Koleti ni kijibomba kifupi cha chuma, kwa nje kimechongwa kwa mwinamo, na kimepasuliwa kwa urefu ili kuta zake ziweze kubana. Kinaingia kwenye ncha ya ekseli ya mota, ambayo kwa ndani ina mwinamo uleule. Ukikaza nati, kijibomba kinasukumwa ndani, mwinamo unakutana na mwinamo, na kuta zinalibana shina la biti pande zote, kwa urefu wake wote. Hakuna jino linalong'ata biti, hakuna skrubu inayoigusa. Ni msuguano mtupu unaozuia chuma chenye makali, kinachozunguka hadi mara 30,000 kwa dakika, kisikutembelee usoni. Mara 30,000 kwa dakika ni mara 500 kwa sekunde. Biti yenye makali mawili inauma mbao mara 1,000 kabla hujamaliza kupiga chafya. Na yote hayo yameachwa mikononi mwa kijibomba kinachotosha kiganjani. Nikiifikiria sana hali hii, naona ajabu kwamba kuna seremala yeyote mwenye vidole kumi.

Sasa, shina likiwa jembamba kuliko koleti, hata kwa milimita 0.35, kuta zinalazimika kubana kuliko zilivyopangiwa. Zinabana mdomoni, huko ndani zinabaki wazi. Biti inashikwa kwenye ukingo mwembamba badala ya kushikwa urefu wote. Ukiikaza kwa spana utaona imekaza. Ukiitikisa kwa mkono haitikisiki. Inangoja mtetemo.

Na biti yangu ilikuwa ya msokoto, ile inayopandisha maranda juu ili tundu lisizibe. Ni werevu mkubwa, lakini una malipo yake: kadiri biti inavyovuta maranda juu, ndivyo mbao inavyoivuta biti chini. Koleti nzuri haisikilizi maneno hayo. Koleti yangu ilikubaliana na mbao. Nilipanga kina cha milimita 3 kwa kila mpito, kama inavyotakiwa kwa biti nyembamba. Mashine ilianza na 3, ikafika katikati ikiwa na 5, ikamalizia kwa kina ambacho hakuna aliyekiagiza. Tena biti iliyoshikwa mdomoni tu huyumba, na biti inayoyumba haichimbi upana wake tu: inachimba upana wake pamoja na mayumbo yake. Wakati huohuo mwongozo wa pembeni, unaotegemea skrubu moja ya plastiki ya kukaza kwa vidole, ulikuwa unalegezwa na mtetemo uleule na kuhama bila kuaga. Tundu lililopangwa kuwa na upana wa milimita 10 likatoka karibu 12, kuta zina mawimbi na chini kuna ngazi. Ulimi wa mguu, wa milimita 10, ulipoingia mle ulikuwa na nafasi ya kugeuka usingizini.

Ubao wenye tundu hilo niliupeleka kwa mzee mmoja fundi wa Keko, ambaye patasi yake imeliwa na kinoo mpaka imebaki nusu. Matundu yake huyapiga kwa nyundo, mate na kimya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akatia kidole ndani ya tundu, akakizungusha, akakitoa, akakitazama. "Umelichimba wewe hili, au limejichimba lenyewe?"

Sikujibu, kwa sababu jibu sahihi lilikuwa la pili na lisingeaminika.

Nikalijaza tundu gundi nyeupe iliyochanganywa na unga wa mbao, dawa ambayo fanicha nyingi za mji huu zinaishi nayo kwa siri. Gundi nyeupe ina tabia moja: hushika kwa nguvu za ajabu pale mbao mbili zinapogusana kabisa, lakini si ya kujazia pengo. Inakauka kwa kupoteza maji, na ikipoteza maji inasinyaa. Ndani ya tundu pana inabaki ganda lililoshika unga, na unga haujashika kitu. Kwa macho kiungo kilikuwa kizuri mno. Kilisubiri mgeni mwenye uzito na pilau.

Kwa haki, ruta ndogo hazikuzaliwa kwa ajili ya kuchimba matundu ya benchi. Kazi yake ya asili ni kusawazisha kingo za fomeka. Kampuni ya Formica ilianzishwa Marekani mwaka 1913, na mali yake ya kwanza ilikuwa vihami vya vifaa vya umeme; baadaye ndipo karatasi zile ngumu zikahamia kwenye meza za jikoni na za migahawa. Karatasi yenyewe ina unene wa karibu milimita moja. Mashine ya kunyoa ndevu za karatasi ndiyo tunayoituma kuchimba mninga. Lakini ruta ndogo yenye koleti ya kweli inaifanya kazi hiyo, taratibu, mpito baada ya mpito, na watu wengi wanajipatia riziki nayo.

Misiba mingine ilikuwa midogo. Biti inazunguka kufuata mshale wa saa ukiitazama kutoka juu, kwa hiyo ukingo wa nje wa mbao huzungukwa kinyume cha saa. Ukienda upande mwingine mashine inakimbia kama mbuzi aliyekata kamba, na mshale wa kwenye kitabu cha maelekezo ulielekea upande wa mbuzi. Kaboni za mota zilitoa cheche za buluu, watoto wa jirani wakapiga makofi. Kitako cha plastiki kilipasuka. Balozi wa nyumba kumi alikuja kuuliza kuhusu kelele akaondoka na kigoda.

Ninaweza kucheka hayo yote. Nisichoweza kucheka ni hesabu. Koleti ni kipande kidogo sana ndani ya boksi lile, na ndicho kilichochongwa kwa haraka kuliko vyote. Rangi ilipakwa vizuri, nembo imenyooka, boksi limechapwa rangi nne. Pesa ilitumika mahali panapoonekana dukani na kubaniwa mahali panaposhika chuma chenye makali. Mimi nimepoteza heshima ukweni, nitaishi. Kijana aliyetoka kusomea useremala, anayenunua mashine hiyohiyo kwa pesa ya kwanza ya mteja, ndiye atakayerudisha fedha ya watu benchi likifunguka, au atakayekwenda hospitali biti ikichomoka. Akirudi dukani ataonyeshwa kibandiko ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayomlinda mlaji, lakini dukani nilichokiona ni kibandiko. Na mtaani kijana ataambiwa kwamba rahisi ni ghali, kana kwamba alikuwa na ghali ya kuchagua.

Nitakaponunua ruta nyingine, nitakwenda na pini ya chuma iliyonyooka, yenye unene uleule wa shina la biti zangu. Nitaikaza kwenye koleti, plagi ikiwa mkononi mwangu, nizungushe ekseli kwa vidole na nitazame ncha ya pini. Ikichora duara hewani, nitairudisha mashine kwenye rafu. Muuzaji akishika kalamu yake aniwashie niisikie, nitamwomba asijisumbue. Kuunguruma zote zinajua.