Kaunti ya Graham, Kansas: mambo saba, tukihesabu kurudi nyuma

Magharibi mwa Kansas, nyika isiyo na mti, na wapishi wa historia hii ni watu waliotoka utumwani Kentucky. Saba hadi moja, twende.

7. Jina. Kapteni John L. Graham aliuawa vitani Chickamauga mwaka 1863. Miaka minne baadaye akapewa kaunti. Shamba kubwa kwa mtu asiyeweza tena kulima!

6. Tangazo. Mwaka 1877 W.R. Hill, Mzungu, na mchungaji Mweusi W.H. Smith walianzisha mji wa Nicodemus, Hill akaupigia debe Kentucky: ardhi ya bure chini ya sheria ya 1862, ekari 160 kwa kila familia. Miti hakuitaja, maana haikuwepo. Septemba wakafika watu wapatao 300, na inasimuliwa kwamba hasira zao zilimfanya Hill ajifiche. Familia kadhaa ziligeuza safari upesi. Siwalaumu hata kidogo.

5. Makao makuu. Miji ya Millbrook na Hill City iligombea cheo hicho. Mwaka 1887 tufani ikaibomoa Millbrook, mwaka uliofuata cheo kikahamia Hill City. Kura moja ya upepo!

4. Karani. Edward McCabe alifika 1878, na serikali ya kaunti ilipoundwa rasmi 1880 gavana alimteua kuwa karani wa kaunti wa muda. Mwaka 1882 Kansas nzima ikamchagua mkaguzi wa hesabu za jimbo. Kutoka nyika hadi daftari la jimbo kwa miaka minne: hapo kalamu ilikimbia kuliko farasi.

3. Mwalimu. Jenny Fletcher alifundisha shule ya kwanza ndani ya makao yake yaliyochimbwa ardhini. Wengi wa wazazi wa watoto wale walizaliwa mahali ambapo kumfundisha mtumwa kusoma kulichukuliwa hatari. Sasa herufi zikawa chini ya ardhi, na hakuna aliyeweza kuzing'oa. Mimi ningempa Jenny kaunti kabla ya Kapteni.

2. Moshi. Willianna Hickman alifika masika ya 1878 na mumewe mchungaji, baada ya safari ya mkokoteni kutoka kituo cha reli cha Ellis. Wanaume wakapaza sauti kwamba mji ule pale. Willianna akatazama, hakuona mji, akauliza uko wapi. Akaonyeshwa moshi ukitoka ardhini: watu waliishi ndani ya mashimo kama panya buku. Alilia, na nani asingelia? Lakini majira ya baridi yaliyotangulia yalikuwa makali zaidi. Chakula kilikuwa haba, hapakuwa na kuni wala wanyama wa kutosha wa kulimia. Waosage, wenyeji wa asili wa Amerika, waliokuwa wakirejea kutoka mawindoni waliwagawia chakula. Watu waliokuwa wamenyang'anywa nchi yao wenyewe waliwalisha wageni. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na hapa utani wangu unanyamaza kwa heshima.

1. Reli iliyopita kando. Mwaka 1887 Nicodemus ilikuwa na magazeti mawili na timu ya besiboli. Wakazi wakapiga kura kutoa hati za mkopo za dola 16,000 kuivuta Missouri Pacific. Haikuja. Union Pacific nayo ikajenga kusini mwa mto Solomon, mji wa Bogue ukachipuka hapo, na wafanyabiashara wakahama na maduka yao. Gari-moshi halina haya! Ila waliobaki walibaki kwelikweli. Mwaka 1996 Nicodemus ikatangazwa eneo la kihistoria la taifa, likiwa na majengo matano: kanisa la Kimethodisti la Waafrika (AME), kanisa la Kibaptisti, ukumbi wa mji, hoteli ya St. Francis na shule ya wilaya namba moja. Kila mwisho wa Julai wajukuu wa walowezi wale hurudi kutoka majimbo mengine kusherehekea ukombozi, na kituo cha reli hawakihitaji.