Tumbo la Shukuru

Mbwa wetu aitwa Shukuru, na jina hilo hakupewa kwa uchaji wa mtu yeyote nyumbani mwetu, bali kwa sababu tangu utotoni hajapata kukataa kitu kilichotupwa mbele yake, kiwe kichwa cha mkebuka, kiwe ukoko wa bugali wa muhogo, kiwe kandambili ya mgeni. Tunakaa Baraka ya Kongo, upande wa Ziwa Tanganyika, katika mtaa ambao nyua zake zimetengwa kwa uzio wa matete uliowekwa kwa heshima tu, maana kuku, watoto na habari hupita humo pasipo kubisha hodi. Na mbwa katika mtaa wa namna hiyo, ijapokuwa hulala kwa mtu mmoja, riziki yake imegawanywa kwa watu wote.

Basi Shukuru huyu alikuwa na maradhi ya tumbo ambayo hayakuja ovyo. Mwezi ulipopevuka alikuwa mzima kabisa, akifukuza pikipiki za barabara ya Uvira kwa bidii ya mtu aliyeajiriwa. Lakini usiku wa giza ulipoingia, tumbo lilianza kunguruma, kisha likaendesha, na ua wetu ukawa hauingiliki. Majirani hawakuhitaji mganga kulieleza jambo hilo. Kila mtu wa Tanganyika anajua kwamba ndagala huvuliwa usiku wa giza, taa zikiwashwa juu ya mitumbwi ili samaki wauendee mwangaza, na kwamba mbalamwezi ikitawala wavuvi hukaa chini wakashona nyavu, kwa kuwa nuru imeenea kote na taa haina tena ujanja. Ndagala wakijaa, huanikwa mchangani. Wakianikwa, Shukuru yupo. Kwa hiyo hukumu ilitolewa mapema: ndagala ndio wenye hatia, na shauri likafungwa.

Ni aibu kuliandika, ila ni haki ya msomaji kulijua, kwamba mwenye mbwa anayeumwa tumbo hana budi kila asubuhi kukagua kilichoachwa uani, rangi yake, wepesi wake na vilivyomo; na kwa ukaguzi huo nilipata kujua mambo ya mtaa ambayo hayakunihusu. Nilijua nani amepika maharagwe hayakuiva. Nilijua nani amezidisha mawese katika sombe ya majani ya muhogo. Jirani mmoja, ambaye juzi yake tu alikuwa ameapa mbele ya wazee kwamba hana hata franka ya kuchangia harusi, nilimtambua kwa miiba ya sangala mkubwa, samaki ambaye masikini hamnunui. Nikanyamaza, maana ushahidi wa namna ile haupelekwi barazani.

Dawa zilizoletwa zilikuwa nyingi kuliko maradhi. Mmoja alileta kitunguu saumu kwa ajili ya minyoo, naye nilimshukuru kwa taadhima kisha nikakipeleka jikoni, kwani vitunguu vya kila namna huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mwingine alileta vidonge vilivyobaki vya mjomba wake, ambaye, kwa bahati mbaya, alikuwa marehemu. Mzee mmoja akadai kwamba mbwa ni jamaa ya wale mbwa-mwitu wa Ulaya, anastahili nyama tupu, na muhogo ndio unaomuua. Ikanibidi kumjibu kwamba wataalamu wa Uswidi walikwisha andika mwaka 2013, katika jarida la Nature, kuwa mbwa, kwa kukaa na binadamu na kula makombo yake, wamerithi nakala nyingi za ile jeni iwezeshayo kuyeyusha wanga, ilhali mbwa-mwitu wana mbili tu. Mzee akaniuliza kama Waswidi hao wanakula bugali. Nikakosa jawabu.

Mganga wa mifugo niliyemwendea, mtu wa makamo ambaye aghalabu hushughulika na mbuzi, hakucheka. Aliuliza kama choo ni kingi na chepesi kwa vipindi vichache, jambo liashirialo utumbo mwembamba, au ni kidogo kidogo chenye ute, kwa kujikaza, jambo liashirialo utumbo mpana. Akauliza habari za damu, za kutapika na za kukonda. Kisha akaifinya ngozi ya shingo ya Shukuru na kuitazama inavyorudi, maana ikirudi polepole mnyama amepungukiwa maji. Akaniambia kwamba kabla ya kukishitaki chakula ni wajibu kuwasikiliza minyoo kwanza, akatoa dawa yao na kuamuru irudiwe baada ya majuma machache. Kwa upungufu wa maji aliniagiza kile kipimo ambacho kila mama wa Baraka anakijua, kwa kuwa kipindupindu kimetusomesha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, tena kidogo kidogo.

Nilipomlalamikia kwamba ni fedheha mbwa wa kienyeji kuwa na tumbo la kisultani, alinikumbusha kwamba milima hii ya Fizi haijali cheo. Mwaka 1965 alikuja huku Che Guevara kuwasaidia waasi, akakaa tangu Aprili hadi Novemba, naye alikuwa daktari mwenye shahada. Na kumbukumbu alizoziandika zakiri kwamba tumbo lilimsumbua mno. Na mbwa wa Kongo kuwa na tumbo gumu ni dhana tu. Wale wadogo wasiobweka, waitwao Basenji, ambao mwaka 1937 Waingereza walisongamana kuwatazama katika maonyesho ya Crufts, London, wanajulikana na matabibu wa huko kwa maradhi yao mahususi ya utumbo, yenye kuharisha kusikokwisha.

Kisha akafika kwenye kiini. Kuna tumbo ambalo mwili wenyewe umekifanya chakula kuwa adui, aghalabu nyama ya ng'ombe, kuku, maziwa au ngano. Na kuna tumbo ambalo halina uadui na mtu, ila limekosa nyenzo ya kukisaga kitu fulani. Njia ya kujua ni moja: mpe mbwa nyama ya aina moja ambayo hajapata kuila maishani, na wanga wa aina moja, na kisiingie kingine; tumbo huweza kutoa jawabu kwa majuma mawili, ingawa ngozi huhitaji hata manane; kisha virudishwe vyakula vya zamani kimoja kimoja, mpaka mwenye hatia ajitaje.

"Na kisiingie kingine," akarudia, akiinua kidole. Ni dhahiri kwamba hakuujua mtaa wetu.

Nyama ambayo Shukuru hakupata kuila haikuwa rahisi kuipata, lakini mwishowe nilinunua dende, wale wanyama wadogo wafugwao jikoni, nikampikia kwa wali. Siku ya kwanza watoto walilia kwa ajili ya dende. Siku zilizofuata waliolia ni majirani. "Mwalimu," walisema juu ya uzio, "imbwa inakula nyama na wali, na siye tuko na sombe?" Nilimfunga uani, nikatangaza nyumba kwa nyumba kwamba asipewe chakula, na wote wakaahidi. Mbalamwezi ikapita kwa amani. Giza likaingia, na tumbo la Shukuru, ambalo halikuona hata jicho la ndagala, likafumuka vilevile.

Hapo nikaanza upelelezi, nikaishia kwa Koko wa uzio wa pili, bibi kizee mwenye heshima zake, ambaye huamka kabla ya jogoo.

"Mimi, mutoto wangu?" akasema kwa uchungu wa kweli. "Sijaipatia imbwa yako chakula hata siku moja. Naipatiaka chai tu."

"Chai, Koko?"

"Chai ni chakula?"

Na mambo yote yakafunguka. Mwanawe ni mvuvi. Giza likiwa na ndagala, mwanawe ana fedha. Akiwa na fedha, humnunulia mama yake kopo la maziwa ya unga. Na Koko, ambaye hapendi kunywa peke yake, humpitishia Shukuru nusu ya kikombe kwenye tundu la uzio alfajiri, saa ambayo mimi bado nimo usingizini. Mbalamwezi ikirudi, fedha huisha, Koko hunywa ya rangi, na Shukuru hupona. Mganga alithibitisha kwa njia yake: ndagala walirudishwa, pasitokee neno, maziwa kidogo yakarudishwa, na kabla ya adhuhuri ua wote ulishuhudia. Akaongeza kwamba hata chai ya rangi haimfai mbwa, kwa sababu kile kimfanyacho mtu akeshe ni ndugu wa sumu iliyomo katika chokoleti.

Koko alikubali, ila kwa sharti. Maadamu nimemnyang'anya mwenzake wa alfajiri, nije mimi. Mtu hamkatalii Koko. Basi kila giza likiingia huketi mkekani pake, nikapokea kikombe kizito cha maziwa chenye sukari ya kutosha harusi, nikakimaliza mbele ya macho yake. Sasa, watu wazima wengi wa nchi zetu, kama mbwa mzima, hupungukiwa na ile nyenzo ya kusaga maziwa wakishaachishwa ziwa, na mimi si mmoja wa wachache waliosalimika. Shukuru amenenepa, amerudi kwenye pikipiki zake. Mke wangu, ambaye hakupata kuamini mambo ya mwezi, ameanza kuchanganya maji ya sukari na chumvi tangu machweo, na jana alinijia kwa nyuma barazani, wageni wakitazama, akanifinya ngozi ya shingo aone kama inarudi upesi.