Siku ya Tatu Mpe Kafi

Barua ya kambi imefika mwezi huu wa nne, theluji ya mwisho ikiwa bado imejibanza nyuma ya jengo letu hapa Minneapolis. Inaanza kwa furaha kubwa, karibuni tena msimu mpya, kisha inafuata orodha. Sweta la sufu. Soksi za sufu. Kofia ya sufu. Koti la mvua. Safari zenyewe ni za kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, katikati ya kiangazi chao, nami mtoto wa Tanga nikiisoma najiuliza: ikiwa hili ndilo joto lao, basi baridi wanaishije? Anayeijua Lushoto ya mwezi wa saba atanielewa kidogo. Kidogo tu.

Sufu mpya bei yake haishikiki, kwa hiyo mimi huenda kwenye duka la nguo za sadaka, yaani mitumba kabla haijapanda meli. Unachagua kwa raha, hakuna wa kukuvuta mkono, hakuna anayepanda juu ya meza kupiga kelele, na kila nguo ina bei yake imebandikwa. Inachosha. Nilipoomba nipunguziwe, dada wa kaunta alikwenda kumwita meneja.

Kambi yenyewe, ambayo siitaji jina maana bado inanilipa, iko kaskazini kabisa mwa jimbo la Minnesota, ukingoni mwa pori la Boundary Waters linalopakana na Kanada. Ni ekari zaidi ya milioni moja za misonobari na miamba, na maziwa yanayozidi 1,000. Barabara hakuna, na sehemu kubwa ya maji yake injini ni marufuku. Kazi yetu ni kuwachukua watoto wa mjini, kuwapakia kwenye mitumbwi na kuwapeleka huko siku kadhaa bila simu. Wazazi wao ndio wanaolipa. Mama yangu hili la kulipa hajalikubali hadi leo. Kila nikimpigia, tukishamaliza shikamoo na marahaba, ananirudisha pale pale: "Yaani baba, mtu anatoa fedha zake mwanawe akaokote kuni?" Nikamwambia ndiyo, na akateke maji. Akanyamaza. Kisha akauliza kama naweza kumpatia wazazi wengine wa namna hiyo, maana shamba lake la Muheza lina palizi.

Watu wakisikia pori wanadhani ni mahali pa kujiachia. Sijaona mahali penye masharti kama pale. Kuanzia Mei 1 hadi Septemba 30 kila lango lina idadi yake ya vikundi kwa siku, na vibali vinaanza kugombewa mwezi wa kwanza, ziwa likiwa bado barafu ya kupitisha gari. Kundi lisizidi watu 9 na mitumbwi 4. Makopo na chupa za vyakula na vinywaji, hapana. Ukitaka kuosha chombo kwa sabuni, ondoka ukingoni futi 150, kama mita 45 hivi. Moto ni pale pale palipowekwa wavu wa chuma. Na choo kipo, kimoja kwa kila kituo: kasha gumu lililosimamishwa juu ya shimo katikati ya miti, halina mlango, halina ukuta, halina paa.

Namna ya kubisha hodi kwenye choo cha aina hiyo haikuandikwa kwenye kibali, kwa hiyo kila kundi hubuni utaratibu wake. Mwaka jana tulikubaliana kwamba karatasi ya chooni itundikwe kwenye mti karibu na moto: anayekwenda anaichukua, na isipokuwepo, ujue pana mtu. Mambo yalikwenda vizuri mpaka kijana mmoja alipoisahau kule kule. Watu wanane tulikaa asubuhi ile tukimsubiri kwa heshima kubwa mtu ambaye hayupo, na yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwetu, anasubiri.

Sheria iliyozaa mapori ya namna hii ilitiwa saini na Rais Lyndon Johnson mwaka 1964, nayo inamtaja binadamu kuwa ni mgeni pale, apitaye na kuondoka. Tuliposomewa hilo kwenye mafunzo nilicheka peke yangu. Kwetu mgeni ratiba yake inajulikana: siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na kusema kweli, ninachokingojea mimi kila msimu si machweo wala mandhari, ni hiyo siku ya tatu.

Kabla yake watoto ni wageni kamili. Wanauliza chakula ni nini, ukiwajibu wanauliza kingine ni nini. Fomu zao huwa zimekwisha kunionya, maana wazazi huzijaza bila kubakisha nafasi. Huyu hali kitu cha kijani. Huyu halali bila feni, si kwa joto, kwa ajili ya mvumo wake. Huyu ana kipaji cha uongozi, na hapo ndipo ninapomjua atakayelia wa kwanza. Wote wataniuliza habari za simba. Simba mimi nimemzoea kwenye noti ya shilingi 2,000, na yuko yule wa Msimbazi, ambaye kwa sisi watu wa Yanga ndiye wa kuchungwa. Lakini kumwambia hivyo mtoto aliyelipiwa fedha zote zile ni kumdhulumu. Kwa hiyo nanyamaza, natazama mbali. Wanaelewa kwamba yapo yaliyonipata.

Usiku wa kwanza haulaliki. Saa tatu usiku jua ndio kwanza linazama, na watoto wanaona wameonewa, wanaingizwa hemani mchana. Mwenye kungoja Isha naye atangoja hasa, na akimaliza kuswali, Alfajiri hiyo mlangoni. Kisha giza likishika ndipo luni anapoanza. Huyu ni ndege wa majini, mweusi mwenye madoadoa meupe, ndege rasmi wa jimbo tangu 1961, na watu wa huku wanampenda hadi wanamdarizi kwenye mito ya sofa. Kwetu ndege akilia vile usiku, mzee wa nyumba anaamka kufukiza ubani. Mtoto mmoja wa Chicago alinijia na taa yake kichwani akitaka kujua ni nani anacheka kule ziwani. Nikamwambia ndege. Akanitazama kama mtu anayefichwa jambo, akarudi hemani, akawasukuma wenzake na kulala katikati yao. Namuunga mkono.

Mbu ni habari nyingine. Mbu wa Minnesota hana malaria, neema ambayo watoto hawa hawaijui thamani yake: unaumwa, unajikuna, imekwisha, hakuna kupima damu wala dawa mseto. Mama hilo halimwingii. Kila simu lazima aulize kama nalala ndani ya chandarua. Mama, hema lenyewe ndilo chandarua. Tena mbu hawa hema hawalitaki sana; wanapopapenda ni ndani ya mtumbwi uliobebwa kichwani.

Hili la kubeba lazima nilieleze. Maziwa yale hayakuungana yote. Ukifika mwisho wa moja unashuka, unabeba kila kitu kwa njia ya msituni hadi ziwa linalofuata. Wenyewe wanaita poteji, na urefu wake wanaupima kwa rodi, kipimo cha zamani cha kama mita 5, 320 ndiyo maili. Mitumbwi yetu ya alumini ni kilo 30 na ushei. Unaupindua, unaulaza mabegani kwa nira ya mbao, kichwa kinapotelea ndani, na dunia yako inakuwa viatu vyako na hatua mbili za mbele. Mikono yote miwili imeshika kingo. Hapo ndipo mbu wanapoingia chini ya lile paa la bati, bila haraka, kwa sababu wanajua huna mkono. Mmoja anatua kwenye nyusi. Unamwona. Anachagua mahali. Unampulizia pumzi kwa pembe ya mdomo, anahamia nyusi ya pili.

Mwenzangu mmoja, jitu la kucheza raga, uvumilivu ulimwisha akaachia mkono mmoja ili ajipige kibao. Mtumbwi ukazunguka naye, omo ikaingia katikati ya misonobari miwili na kunasa barabara. Tulipomfikia alikuwa bado yumo ndani yake, miguu tu inaonekana, anaomba radhi kwa upole mno kwa mtu aliyedhani amemgonga. Alikuwa anauomba radhi mti. Tulimwacha amalize.

Jioni ni zamu ya kupe. Yupo mmoja mdogo sana anayeweza kuleta ugonjwa wa Lyme, kwa hiyo watu wanasimama mstari, huyu anamkagua huyu nyuma ya masikio, shingoni, nyuma ya magoti. Ni josho la ng'ombe kabisa, limekosa maji ya dawa tu.

Basi baada ya yote hayo inakuja siku ya tatu, na mara nyingi inakuja na mvua. Unaamka unasikia vijiti vinavunjwa. Ni yule wa feni, hakutumwa na mtu, amechutama mbele ya kuni zilizolowa, anauchochea moto na kuusema kwa maneno ambayo fomu yake haikuyataja. Asiyekula kijani anachota mbaazi mara ya pili. Naanza kusonga ugali kwa unga wa njano, maana mweupe huko haupatikani kirahisi, na wazee wetu waliokula unga wa njano wa msaada katika njaa ya miaka ya 1970 wangeshangaa kuona ukoko wake unavyogombewa. Vijiko vilisahaulika kwenye poteji ya nyuma. Mwenye kipaji cha uongozi, aliyekwisha kulia zamani na kumaliza, anawafundisha wenzake kufinyanga tonge. Anawafundisha vibaya kabisa, lakini anasikilizwa. Baada ya hapo nikisema tuondoke, sina haja ya kusema mara mbili. Kila mtu kafi yake mkononi, na kuna anayeniuliza mimi kwa nini nachelewa.

Barua ya mwaka huu ina aya ngeni chini kabisa. Mkuu wa kambi anasema kwa kuwa nina uzoefu na wanyama wakali, anaomba nifundishe somo la dubu katika wiki ya mafunzo. Dubu mweusi wa huku kwa kawaida hana shida na mtu, ana shida na chakula. Kwa hiyo somo lenyewe ni kukifungia kwenye kasha asiloweza kulivunja, au kukitundika juu mbali na shina la mti, na akitokea umpigie kelele na kugonga sufuria. Kelele na sufuria naviweza. Mnyama pekee aliyewahi kutuibia ni kindi mdogo mwenye mistari mgongoni, aliyetoboa shanta langu mchana kweupe akahamisha korosho zangu za Mtwara moja baada ya nyingine, watu tisa tukimtazama. Hilo sikulitia kwenye majibu yangu. Niliuliza jambo moja tu: mwalimu wa dubu hubeba mtumbwi? Jibu likaja jioni ile ile kwamba wiki hiyo mwalimu hubaki kambini na sufuria zake.

Nimekubali kwa mikono miwili. Kilichobaki ni kumwona dubu.